Dorkas Mrindoko, Katibu wa Juu na Mwenyekiti wa Chini (1928–1983)

Ndugu, jamaa na majirani mlioshuka kutoka Chome na mliopanda kutoka tambarare, tumekutana kumsindikiza mama ambaye kila upande ulimwita wetu. Tutaeleza maisha yake kwa ufupi, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kufupisha mambo.

Marehemu Dorkas Tumainieli Mrindoko alizaliwa Chome tarehe 11 Machi 1928, mtoto wa pili wa Mzee Aminieli na Bibi Asnath. Aliyemtangulia ni Hezroni, kaka yake wa pekee, ambaye ndiye aliyemlea mgongoni mama yao alipokuwa shambani.

Alianza shule ya misheni mwaka 1937 na kumaliza darasa la nne mwaka 1941. Katikati ya masomo baba yao alitaka kumtoa akachunge mbuzi, kwa kuwa msichana, alisema, kusoma kwake ni kwa faida ya wakwe. Hezroni akajibu kwamba mbuzi atawachunga yeye. Marehemu aliwasimulia watoto wake habari hiyo mara nyingi, na kila mara machozi yalimlengalenga.

Tarehe 8 Oktoba 1949 alifunga ndoa na Ndugu Tumainieli Mrindoko, mkulima wa hapa Kiruvi, chini ya mlima. Baba yake alimpa kipande cha shamba kule juu kama zawadi. Ndiyo maana akawa mkulima wa pande mbili, magoti yake yakiijua ile njia kuliko miguu ya mbuzi. Walijaliwa watoto wanne. Mumewe alifariki mwaka 1971.

Sasa tuje kwenye kazi yake, maana hapo ndipo wengi mlipomfahamu. Mashamba ya juu na ya chini yanakunywa ndiva moja, lile bwawa linalokusanya maji usiku ili yafunguliwe alfajiri. Mwaka mmoja baada ya Uhuru, wakulima wa juu waliunda Chama cha Mfereji wa Juu. Hezroni akawa mwenyekiti, na dada yake akachaguliwa katibu. Mwaka 1967, Azimio lilipotangazwa na kila mtu akahimizwa kujiunga na wenzake, watu wa Kiruvi nao wakaunda Chama cha Mfereji wa Chini. Wakamchagua Dorkas mwenyekiti, wala hawakuona haja ya kumtafuta mwingine. Watu walicheka, lakini kwa miaka saba hakuna aliyelalamika kwamba ameonewa wala kwamba mwenzake amependelewa.

Kisha ukaja ukame wa mwaka 1974. Watu wa juu, kwa amri ya Hezroni, wakayashika maji juma zima. Mahindi ya chini yakaanza kujikunja. Kiruvi wakamtuma mwenyekiti wao kwenda kushtaki.

Katika mkutano wa juu, marehemu alisimama akasema, "Ndugu Mwenyekiti, mwenyekiti wa chini amekuja na malalamiko."

"Yuko wapi?" Hezroni akauliza.

"Ndiye mimi, kaka."

"Basi katibu wetu amjibu."

Marehemu akahama benchi, akakaa upande wa wageni. "Katibu hana jibu," akasema. "Anamngoja mwenyekiti wake atende haki."

Watu wakaangua kicheko, ila Hezroni hakucheka. "Chagua, Dorkas. Njia mbili zilimshinda fisi."

"Mimi si fisi, kaka. Na hizi si njia mbili, ni mfereji mmoja."

Juma lililofuata, kwa agizo la marehemu, pembe ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, ililia juu na chini asubuhi moja. Kila upande ulidhani umeitwa kupigana. Lakini wote mnajua desturi yetu: ukiitikia pembe ya kazi, husemi neno la ugomvi mpaka jembe liwe chini. Wakakutana kwenye ndiva na kulikuta tope limejaa hadi nusu. Walichimba kutwa nzima, watu wa juu wakipokezana makarai na watu wa chini. Jioni, wakiwa wamechoka wote sawasawa, waliketi ukingoni wakakubaliana kupeana zamu, siku moja juu, siku moja chini. Hata watu wa juu wengi waliinua mikono. Mwaka ule mahindi ya Kiruvi yalibeba, wala migomba ya Chome haikufa.

Hezroni alijiuzulu jioni ileile. Hakukanyaga nyumbani kwa dada yake kwa miaka tisa. Wakikutana gulioni, marehemu akisema "Shikamoo, kaka," alijibiwa "Marahaba," basi. Jambo hilo lilimuuma marehemu kuliko ugonjwa wowote. Hakujutia maji. Alijutia kwamba hakwenda kwanza nyumbani kwa mkubwa wake kumwarifu, kama anavyopaswa mdogo mtu. "Niliita kijiji kizima," alikuwa akisema, "nikamsahau mwenye nyumba."

Alianza kuugua moyo mwaka 1981, akaziacha nafasi zote mbili siku moja. Alitibiwa Same na baadaye Moshi. Mwezi uliopita alirudi nyumbani, na mara wakaja wajumbe wa juu na wa chini, kila upande ukitaka azikwe kwao. Marehemu aliwasikiliza, kisha akamwita binti yake Rogathe na nduguze. "Nendeni kwa kaka," akasema. "Asiambiwe mtu mwingine neno kabla yake."

Hezroni aliwasikiliza wapwa zake akiwa amesimama mlangoni.

"Amewatuma mniulize mimi?"

"Ndiyo, mjomba. Wewe kwanza."

Alichukua mkongojo wake, akashuka pamoja nao. Alikaa kando ya kitanda cha dada yake hadi alipokata roho, alfajiri ya Jumanne tarehe 14 Juni 1983, akiwa amemshika mkono. Tunamzika hapa Kiruvi, kando ya mumewe, mahali palipoonyeshwa na kaka yake.

Marehemu ameacha watoto wanne, Rogathe, Ernest, Lukia na Gregori, wajukuu kumi na mmoja, na kaka yake, Mzee Hezroni, ambaye jana, na umri wake wote ule, hakukubali mtu mwingine aanze kuchimba kaburi.

Pumzika, mama yetu. Mungu akupe amani yake.