Historia ya Fundi Santuri Aliyeitwa Kiziwi

Wafiwa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza, familia inaomba utulivu wenu, kwa maana maisha ya mtu husomwa mbele ya jeneza lake mara moja tu, na leo tumekusudia kuyasoma yote.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Santuri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa seremala na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akaimaliza mwaka 1965, na hakuendelea, kwa sababu baba yake alivunjika mguu na nyumbani palihitajika mkono wa kufanya kazi. Mwaka 1967 alipokelewa na fundi redio mmoja mkali, aliyemkataza kugusa bisibisi kabla hajasikiliza, na katazo hilo alilishika hadi mwisho.

Tarehe 3 Agosti 1974 alifunga ndoa na mkewe, ambaye leo ni mjane wake, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia akiwa mchanga, na wajukuu saba. Mwaka uliofuata, marehemu na shemeji yake, kaka wa mkewe, walifungua duka la vyombo vya muziki, marehemu akakaa nyuma kwenye meza ya kazi, shemeji akakaa mbele kwenye kaunta, na watu wakasema hao ni chanda na pete.

Santuri zilipitwa na wakati, kisha watu wakazikumbuka, wakaanza kutoa mashine za wazazi wao stoo, zikiwa na vumbi na kelele, wakamletea. Marehemu hakuifungua mashine kwanza, bali aliiwasha, akaiacha sahani izunguke, akaunyanyua mkono wa sindano juu ya santuri na kutega sikio, kwani mvumo ukibaki kwenye spika wakati sindano iko hewani, ubovu uko kwenye umeme, na ukikatika, ubovu uko kwenye mota, grisi iliyoganda au gurudumu la mpira lililokakamaa. Akishajua, ndipo alipofungua, na akishafungua alitengeneza kitu kimoja tu, kile kilichoharibika.

Mwezi Juni 2017 mwalimu mstaafu wa kwaya alileta mashine inayovuma, marehemu akagundua waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, umelegea, akaulehemu, akaisikiliza, ikatulia kabisa, akaiacha kaunta ichukuliwe. Kesho yake mwalimu alirudi nayo akilalamika, "Fundi, umenirudishia nyuki nyumbani!" Marehemu aliifungua, akaukuta waya ule ule umekatwa, na haukuwa umechakaa wala kung'oka, bali ulikatwa kwa koleo, ncha zake zikiwa safi kama ukucha. Mashine ya pili ikarudi hivyo, na ya tatu, huku shemeji akiwaambia wateja pale kaunta, kwa sauti ya huruma, "Mvumilieni tu mzee wetu, masikio yamekwisha, hasikii tena, bora mchukue hii mpya."

Hapo marehemu aliomba rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, akawa anadondosha tone juu ya kila skrubu baada ya kazi, na mashine iliyofuata iliporudi ikivuma, aliipindua juu ya kaunta mbele ya wateja, wote wakaona rangi imepasuka, ishara kwamba kuna aliyeifungua baada yake. Shemeji alicheka, akasema, "Jamani, kiziwi sasa amekuwa na mchumba!" na watu wakacheka naye. Jumatatu iliyofuata, kwa kuwa jengo lilipangishwa kwa jina la shemeji, marehemu alikuta kufuli jipya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu siku hiyo alifanyia kazi barazani kwake, wateja wakawa wa kuhesabu, watoto wa mtaani wakamwita Fundi Kiziwi, naye akiwasikia tangu kona ya mbali, na mwaka 2021 mjukuu wake mmoja akaacha shule akiwa kidato cha pili, kwa kukosa ada. Hakuwahi tena kula meza moja na shemeji yake, wala kupokea mkono wake, na alipoulizwa kwa nini hasamehi, alijibu kwamba aliyemvua jina hadharani hawezi kumrudishia chumbani.

Alianza kuugua moyo Januari 2022, akalazwa tarehe 2 Mei mwaka huu wa 2023. Tarehe 17 shemeji alifika wodini, akamkuta amefumba macho, akainama sikioni pake na kunong'ona kwamba waya zote alizikata yeye, ili auze mashine mpya, na kwamba anaomba radhi. Mkewe na mjukuu mmoja walikuwa nyuma ya pazia, wakayasikia yote. Marehemu alifumbua macho, akasema, "Nimekusikia, shemeji. Sasa kawaambie na wao, wale uliowaambia sisikii." Shemeji aliapa kwamba atasema. Marehemu alifariki tarehe 19 Mei, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Asubuhi ya leo shemeji aliiomba familia sehemu hii irukwe. Mjane alijibu, "Kaka ni kaka yangu, lakini jeneza ni la mume wangu. Isomwe." Imesomwa. Familia imeamua pia kwamba shemeji hatabeba jeneza, na kwamba kabla halijanyanyuliwa tutanyamaza kidogo, ili mwenye deni la maneno alilipe akiwa amesimama, na asiposimama, kila mmoja wenu ataondoka hapa akijua ni nani hakusimama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani mliotuletea maji, viti na mabega yenu, mwalimu wa kwaya ambaye hakuacha kumletea kazi barazani, na wenzake wote wa kazi, isipokuwa mmoja.

Pumzika kwa amani, Fundi, sisi bado tuna kazi.