Beseni la Mnyamwezi

Shikamooni wakubwa. Chama chetu ni cha kuzikana, lakini leo sikuleta msiba.

Hapa Msimbazi mlizoea kuniita Ndugu Digrii. Nilisomea historia Mlimani, nikapewa meza ofisini Posta. Kisha mama akaletwa kutoka Tabora, mgonjwa. Wodini muuguzi alimgeuza taratibu, akampangusa mgongo, akimwita mama. Mimi mwanawe nilisimama kando, sijui mikono niiweke wapi. Tulipomzika, nikaacha meza, nikaenda kusomea uuguzi. Baba akaandika mstari mmoja tu: "Tulikusomesha ukabebe beseni?"

Darasani nilikaa na vijana waliotoka kidato cha nne juzi. Wakanifundisha kukunja pembe za shuka, wakinicheka. Hayo niliyaweza. Aliyenishinda tulipopelekwa wodini, ndugu zangu, ni mzee mmoja muuza kahawa wa Kariakoo, ambaye zamani nilikuwa namsomea gazeti. Kila nikimfikia na beseni, anavuta shuka hadi kidevuni.

"Msomi mzima anioshe mimi? Aibu yangu nitaipeleka wapi?"

Siku ya tatu mgongo wake ukaanza kuchubuka. Mkuu wa wodi akaniambia, "Asipooshwa kesho na wewe, rudi kwenye mafaili yako."

Asubuhi nikachuchumaa kando ya kitanda. "Mzee, nimekuja kukuaga. Naenda Tabora kumwambia baba kwamba ameshinda."

"Tabora? Kwani wewe Mnyamwezi?"

"Ndiyo, mzee."

Akaitupa shuka. "Siku zote hizi nakuheshimu bure! Mimi Mzaramo, mtani wako, na watani hawaoneani aibu. Babu zako walibeba pembe za ndovu toka bara mpaka pwani, wewe beseni tu linakulemea? Njoo uoshe. Ukiniingiza maji sikioni, nakudai jogoo."

"Mzaramo gani wewe, huogi mpaka usikie ngoma?" nikamjibu.

Akacheka hadi akakohoa. Nami nikamwosha, kuanzia shingoni mpaka nyayoni.

Namshukuru mzee yule, na mkuu wa wodi kwa ukali wake, na wale vijana wa shuka. Nawaambia, digrii yangu sikuitupa. Ila mgonjwa hakuihitaji. Alihitaji mtu asiyemwonea aibu. Kama yupo hapa anayeogopa kuanza upya kutoka chini, aanze.

Mwezi uliopita baba alishuka garimoshi, mguu umemvimba, kidonda kinatoa maji. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa hospitalini kwetu, akaniangalia nikiwahudumia watu watatu. Zamu yake ilipofika, akakunja suruali mwenyewe.

"Haya," akasema. "Beseni lako liko wapi?"