Futa "Sisi", Uandike "Mimi"

Tejas, zima hiyo televisheni. Na wewe Hamsini, binti yangu, weka simu chini uje ukae hapa kitandani, upande ambao sikio langu bado linafanya kazi. Msinipe dawa ya kulala. Nikilala sijui kama nitaamka, na nina hasira ambayo sitaki kuzikwa nayo.

Nyumba hii ya Fremont, hapa California, ni yenu nyote wawili, msigombane. Vyombo vya chuma vya bibi yenu avichukue Tejas, maana ndiye anayepika. Hayo yameisha. Sasa nisikilizeni, hasa wewe Hamsini, kwa sababu jana ulipotoka kuninunulia maji ya nazi uliacha kompyuta wazi hapo mezani, na mimi nikasoma. Ndiyo, nimesoma! Ninakufa, sina muda wa adabu.

Nimesoma ombi lako la ukaazi wa kudumu wa Marekani, lile la watu wenye uwezo wa kipekee. Kurasa arobaini, na kila ukurasa ni sisi, sisi, sisi. "Tulibuni njia ya kugundua mabomba yanayovuja kwenye mashamba ya lozi." Tulibuni na nani? Mwaka mzima ulilala ndani ya gari kule Fresno, ukisikiliza maji chini ya ardhi kwa vipaza sauti ulivyounganisha mwenyewe, na Deven, mwenzako wa kampuni, wakati huo alikuwa San Jose akichagua rangi ya nembo! Halafu chini yake nikaona barua nyingine, uliyomwandikia Deven kwa ombi lake yeye la ukaazi. Humo umesema njia hiyo aliibuni Deven. Kwa mkono wako. Inasubiri sahihi yako tu.

Usiniambie Deven ni kama ndugu. Mjomba wenu Raghu naye alikuwa kama ndugu! Kila mwaka nilimfunga uzi wa udugu mkononi kama kaka yangu wa tumbo moja, ndiyo maana mkamwita mjomba. Tulianza kampuni naye, mashine ya kutoa onyo friji ya chanjo inapopata joto. Kwenye hataza ya uvumbuzi ule nililitanguliza jina lake, kwa kuwa ananizidi miezi minne. Miezi minne! Akaja na sanduku la peremende: "Vasundhara, dada yangu, wewe una kalamu nzuri, niandikie barua ya ushuhuda kwa ombi langu la ukaazi, wakili anaisubiri." Nikaandika kwamba Raghunandan ndiye aliyegundua jinsi ya kuijua friji mbovu kwa mlio wake. Nikatia sahihi, nikala peremende zake.

Mwaka uliofuata nikapeleka ombi langu. Mnajua bibi yenu kule Guntur, India, alinilea vipi. Nikisema "mimi" ananivuta sikio: "Ni mbuzi tu ndiye anayelia mee, mee, mimi, mimi. Mtoto wa watu husema sisi." Basi nikaandika tulibuni, tulijenga, tulifanikiwa. Afisa akajibu kwamba ameona kampuni ilifanya nini, hajaona mimi nilifanya nini. Na kuhusu ule ugunduzi, akasema, ipo barua inayoonyesha kuwa ni wa mtu mwingine. Ilikuwa na sahihi yangu, wanangu. Sahihi yangu mwenyewe ilinikana.

Nikarudi kwenye foleni ya kawaida ya ukaazi, ile ya miaka na miaka ya sisi tuliozaliwa India, na humo ndimo ninamofia. Wewe Hamsini ulipotimiza miaka ishirini na moja jina lako likakatwa kwenye foleni yangu, kana kwamba siku hiyo uliacha kuwa mtoto wangu. Tejas amezaliwa hapa hapa, Santa Clara, ni raia, yeye haya hayamhusu. Lakini wewe uliletwa hapa ukiwa na miaka tisa, na kibali chako kinakwisha Novemba. Ukikosa hili utafunga kampuni uende nchi ambayo hata basi lake hujui kupanda. Na kosa litakuwa langu, kwa sababu hilo "sisi" nilikufundisha mimi. Nilikuvuta sikio lile lile.

Nipe maji. Kidogo tu.

Maafisa wanataka uthibitisho wa mambo matatu kati ya kumi waliyoyaorodhesha, na wewe unayo matano, mjinga wewe! Gazeti la wakulima limekuandika, picha yako imo. Wamekualika kuwa jaji wa shindano la wabunifu, ukamtuma Deven, ati unaona haya. Nenda mwenyewe! Mwezi ujao wanarudia, nenda! Wale wakulima wa lozi waandike barua waseme nani alikuja na vipaza sauti, nani alipiga magoti matopeni. Barua yangu mimi haitafaa, ni mama yako. Ningeweza ningeandika mia.

Raghu alikuja juzi, mlimwona akilia pale mlangoni. Nikamwambia, andika leo, sema ule ugunduzi ulikuwa wangu, nife nimeuona. Mnajua alijibu nini? "Vasundhara, mambo ya zamani hayo. Tulifanya sote." Sote! Kwenye karatasi za afisa alikuwa "mimi" mtupu, leo mbele ya maiti ndiyo kajifunza "sisi"! Akija msibani mpeni kahawa. Kuongea asiongee.

Sauti inaniishia. Tejas, ndani ya kopo la mchele kuna daftari la bluu. Mpe dada yako. Ni la siku zile nilipokuwa nikiijaribu ile friji gerejini, tarehe zote zimo. Lisome, Hamsini. Nilikuwa peke yangu mle, hata paka hakuwemo, na kila ukurasa nimeandika "leo tumejaribu." Tumejaribu. Hata kwenye daftari langu... nilijificha.

Barua ya Deven ifute. Sasa, nikiona. Usilie, futa. Mwandikie ya kweli, alichokifanya kipo, kinamtosha.

Mungu awape afya. Awape watu watakaowatendea haki. Mikono yangu iko vichwani mwenu, ingawa siwezi kuiinua... ichukueni mjiwekee. Hivyo.

Mimi, Vasundhara, ndiye niliyeisikia ile friji. Mimi. Umeona, si mbuzi aliyesema.

Sasa wewe. Sentensi ya kwanza ya ombi lako. Kwa sauti.

Umesema "tuli". Nimekusikia... Anza tena, mwanangu.

Tena.