Akiruhusiwa, Atalala Wapi?

Ndugu zangu, mnivumilie, sijazoea kusimama mbele za watu.

Mke wangu alipofariki nilishindwa kulima. Nikatoka kwetu Migato, nikaja hapa Bariadi kubeba mizigo sokoni. Kodi ya chumba ikanishinda, nikawa nalala kwenye baraza la duka. Hapo nilimkuta mzee mmoja, naye hana pa kwenda. Tukawa ndugu.

Mvua zilipoanza tulilazwa wodi moja. Yeye alikuwa na kidonda mguuni. Mimi niliangukiwa na gunia nikavunjika mguu. Mzee alifurahi kama yuko harusini. "Bhabha, nalala ndani ya neti! Nikirudi barazani mbu wataniuliza nilisafiri wapi."

Aliruhusiwa kabla yangu. Muuguzi alimweleza vizuri: kidonda kisiingie maji, apumzike nyumbani. Akaitikia, "Asante, mama," akaondoka. Nyumbani gani, jamani? Na mvua ilikuwa inanyesha.

Baada ya siku kadhaa watu walimrudisha hajitambui, mguu umeoza. Akafa. Hakuja ndugu hata mmoja, halmashauri ikamzika. Mimi nimefungwa mguu, sikuweza hata kwenda kumtupia udongo. Nawaambia, hilo linaniuma mpaka leo.

Zamu yangu ikafika. Daktari akasema, "Kesho unaenda nyumbani." Nikaacha kula. Yule muuguzi akaniuliza, "Mbona huli, baba?"

Nikamjibu, "Mimi na yule mzee tulikuwa tunalala baraza moja."

Muuguzi akamwita afisa wa ustawi wa jamii, akamwambia huyu hatoki mpaka tujue analala wapi.

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama anamuuguza mumewe, na kila siku alinimegea ugali. Akasema, "Chumba chetu cha pamba kiko tupu, si pamba tumeshaiuza?"

Mumewe akadakia, "We mama, unagawa nyumba nimelala hapa?" Akacheka mpaka akakohoa. "Aje. Ila akikoroma namhamishia kwa ng'ombe."

Nilikaa kwao mpaka nikatembea bila fimbo. Leo nimepanga chumba, nauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, najitegemea.

Namshukuru muuguzi yule. Nawashukuru mama na mzee wa chumba cha pamba, wanajijua. Nanyi mkienda kumtazama mgonjwa wenu, mgeukieni na wa kitanda cha pili, mumuulize atakapotoka atalala wapi. Mimi niliulizwa, ndiyo maana nimesimama hapa. Mwenzangu hakuulizwa na mtu.