Ndama Maximilian

Kwenye Noah ya abiria ya kwenda Dongobesh nilikaa nyuma ya Herman, shabiki wa Tlawi Stars, jezi yake ikiwa na alama ya kwato kifuani. Alimwamkia shikamoo mama wa pembeni yake, akaitikiwa, kisha akamwaga yake yote.

"Mama, ndama wangu nilimpa jina la straika wetu mpya, Maximilian. Mechi tatu za ligi sasa, hajafunga hata goli moja."

"Ndama au straika?"

"Straika. Ndama yuko vizuri, jana kapiga teke ndoo ya maziwa ikafika kwa jirani."

"Basi mngemsajili ndama."

Nilijifanya nakohoa. Herman hakucheka.

"Mke wangu Lucia ni mtu wa Dongobesh, na leo tunacheza nao. Kasema Maximilian asipofunga, ndama anapewa jina la golikipa wao."

"Na ng'ombe aliyemzaa ni wa nani?"

"Katoka kwao Lucia," alijibu taratibu.

"Basi huna kesi, mwanangu."

Gari liliposimama kando ya uwanja wa Dongobesh, mechi ilikuwa imeshaanza, na kelele za goli zikalipuka uwanjani. Herman alitoa kichwa dirishani. "Kafunga nani?"

"Shuka ukaone," mama alisema, akivuta kikapu chake, "baba Maximilian."