Raho Isacko, Mchoraji wa Mistari, 1962–2025

Kwa idhini ya sheikh na wazee wetu, leo siku ya tatu ya maombolezo, familia inawasomea maisha ya dada yetu Raho kama yalivyokuwa, bila kupamba.

Marehemu alizaliwa Bute, Wajir Kaskazini, mtoto wa tatu wa mzee Isacko Alio na mama Tuye, na ijapokuwa kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari 1962, mama alisisitiza kwamba ilikuwa katikati ya masika. Alisoma shule ya msingi papo hapo Bute, sekondari mjini Wajir, na mwaka 1982 akaingia chuo cha sanaa na usanifu jijini Nairobi, ambako alikataa kuchora twiga wa kuuziwa watalii, akachora mistari na miraba mitupu, na mwalimu wake alipomuuliza picha iko wapi, alijibu, "Ndiyo hiyo, mwalimu. Nimeondoa yasiyohitajika."

Alifundisha sanaa katika shule za Garissa kuanzia Mei 1986 hadi alipostaafu Januari 2022, huku akibuni vitambaa, taa, na kile kigoda cha kukunja cha miguu mitatu ambacho wafugaji hadi Masalani hukifunga juu ya ngamia bila kujua ni kazi ya nani. Tarehe 12 Agosti 1989 aliolewa na fundi seremala Hamze Gabow, aliyekitengeneza kigoda hicho cha kwanza, wakajaliwa Mohamud, aliyetutoka akiwa na miaka minne, na Idil, ambaye tuko naye hapa.

Mwaka 2021 presha ya macho ilianza kumla, na kabla hajafanyiwa upasuaji, Novemba 2023, mto Tana ulifurika ukaingia nyumbani kwake Galbet, ukachukua masanduku saba ya michoro, kazi ya miaka arobaini. Hamze aliokoa moja, na lilipofunguliwa karatasi zilikuwa uji, na marehemu aliketi topeni akizipapasa, akitaja jina la kila mchoro, mpaka mumewe akamwinua kwa nguvu.

Tangu hapo alitaka kuichora yote upya kabla macho hayajafunga, nayo yakafunga Machi 2024, lakini hakuacha, Idil akimshikia rula, mistari ikipandana na kumwagikia mezani, na kila mara akiuliza, "Umenyooka?" naye Idil akijibu, "Umenyooka, hooyo."

Michoro ilifika mia mbili na sita. Idil ameomba tuseme mbele yenu kwamba hakuna mstari hata mmoja ulionyooka, na kwamba anamwomba mama yake msamaha ambao hakuthubutu kumwomba akiwa hai.

Marehemu alilazwa tarehe 3 Juni 2025, figo zikiwa zimechoka, na akafariki asubuhi ya Jumatatu tarehe 16, akiwa ameacha wosia mmoja, kwamba michoro hiyo ipelekwe Nairobi, watu waione. Familia bado haijui la kufanya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Galbet waliotuchotea matope, walimu wenzake, na Maalim Abdow aliyemsomea dua hadi mwisho.

Lala salama, Raho, Mwenyezi Mungu alitie nuru kaburi lako.