Kipele cha Fundi Bedri

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, madaktari na wauguzi wenzangu, wagonjwa wetu mliopanda basi tangu alfajiri kuja hapa Antep, na wewe muuguzi wetu dada Nazire unayestaafu leo huku ukinikodolea macho nisiseme mengi:

Nani humu ndani hajawahi kuulizwa na dada Nazire, "Kwa nini?"

Miaka tisa iliyopita fundi Bedri, mpishi wa vitamu vya baklava, alilazwa kwetu akikohoa damu. Siku ya pili picha ikaonyesha mshipa wa pafu umeziba. Nikasema damu imeganda, nikaandika sindano ya kuifanya iwe nyepesi. Mnadhani mngeandika nini ninyi?

"Daktari, hebu njoo," dada Nazire akaniita kitandani kwa fundi.

Pale alipomtoa damu siku aliyolazwa palikuwa na kipele cha usaha. Alishakizungushia duara kwa kalamu yake ya bluu.

"Kipele tu hicho, dada."

"Kwa nini kitoke hapo hapo kwenye tundu la sindano? Fundi, huwa unapata vidonda mdomoni?"

"Kila mwezi! Mke wangu anasema ni malipo ya matusi yangu."

Mimi nilicheka. Dada Nazire akaiweka sindano yangu mfukoni, akagoma kuichoma mpaka picha nyingine ipigwe.

Ikapigwa. Mshipa ulikuwa umetuna kama puto, ukuta umekonda. Ulikuwa ugonjwa wa Behçet: kinga ya mwili inaishambulia mishipa ya mwili huo huo, na vidonda vya mdomoni na kipele kwenye tundu la sindano ni dalili zake. Damu iliganda kwa sababu ukuta ulikuwa umeshambuliwa. Kwa sindano yangu, puto lile lingepasuka, damu isingezuilika. Alihitaji dawa kali za kutuliza kinga, na miezi mingi ya subira. Uvimbe ukanywea.

Fundi Bedri, uko meza ya tatu. Miaka tisa unanishukuru mbele za watu na kuniletea baklava, nami nakula. Leo nakwambia: nusura nikuue. Aliyekuokoa ni dada Nazire, na ndiye aliyeniomba ninyamaze, akihofia utaacha kuja kliniki. Naona aibu, fundi. Nisamehe.

Naona umesimama na sinia lako. Hapana, usilete huku kwangu.

Haya, mpelekee. Miaka yote hiyo lilikuwa lake.

Dada Nazire, kapumzike, ila ile kalamu niachie. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.